Nusu Mzunguko

Nyumba yetu ina magurudumu manne na haiendi popote.
Imeegeshwa Magongo, nyuma ya gereji ya Mwachofi:
karavani ya wachimba visima waliomaliza kazi
wakaiuza kwa bei ya kitanda na kabati.

Siku za mwanzo tuliishi kama ndani ya jino linalolegea.
Nikigeuza chapati, pazia hucheza.
Nikipiga chafya, kikombe chatembea
hadi ukingoni, chasita, chafikiri, charudi.
Lori la kontena likipita kwenda Port Reitz
sufuria hupiga makofi kabatini.
Na usiku (niseme au nisiseme?)
mtu akigeuka tu kutafuta upande baridi wa mto,
asubuhi Mama Kaingu wa mkabala
hunipa tabasamu refu kuliko salamu.
"Mmeamkaje, nyinyi wa nyumba ya furaha?"

Nikamwambia Ndoro: mimi sitaki tena. Aibu hii ina springi.

Akaja Jumapili na pimamaji,
akalala chali juu ya gunia, miguu tu ikionekana,
akawa asema nami kutoka chini ya sakafu:

Kwanza sawazisha, ndipo ukaze.
Kushoto na kulia mwanzo; mbele na nyuma baadaye.
Magurudumu yatie kabari za mvule, huku na huku,
maana gurudumu likiyumba kidole, kitanda huyumba shubiri.
Jeki nne za pembeni si za kuinua.
Jeki huambiwa "shika", haiambiwi "beba".
Chini yake mbao, kwani udongo wa hapa
hukubali kila kitu mchana, usiku ukakataa.

Kisha vyuma viwili vya mshazari, vimepishana
kama mikono ya mama aliyekataa mahari.
Na ngazi, ambayo sote tulikuwa tumeisahau,
akaitia tofali:
mtikisiko, alisema, huanzia mlangoni.

Nikaweka bilauri ya maji mezani.
Tukaruka, watu wazima wawili, kama watoto wa chuo.
Maji hayakukunja uso.
Mama Kaingu akachungulia, akakosa habari.

Ndoro akaondoka na mzigo wa Malaba.
Usiku wa sita, saa tisa, nikageuka
nikagusa bega la mtu.
Ukelele nilioupiga uliwaamsha mbwa wa gereji.
Kumbe ni yeye. Aliingia tangu saa saba,
akapanda ngazi, akanywa maji, akavua viatu,
na nyumba haikunambia.

Zamani ilikuwa ikinambia.
Hatua ya kwanza, upande wa mlango huinama;
mwili wangu, usingizini, hushuka kidogo kumwelekea,
ukajua, ukaendelea kulala.
Miaka mitatu nimelala hivyo nikingoja mteremko
nami nikidhani nangoja usingizi.

Sikumwambia. Utamwambiaje mtu
aliyechubuka viwiko kwa ajili ya utulivu wako?
Asubuhi, yeye akioga nyuma ya mabati,
nilichukua spana, nikapiga magoti penye jeki ya mlango,
nikailegeza nusu mzunguko.
Nusu. Si zaidi.

Kikombe hakitembei. Sufuria zimenyamaza.
Malori yapite, yaende zao na tani zao.
Lakini akiweka mguu kwenye ngazi, usiku wowote,
pazia la jikoni hupumua mara moja
na mimi huvuta shuka, nikampisha.

Mama Kaingu aliniona na ile spana.
Nyumba yake ni ya mawe, mumewe yuko Dammam.
Hakuuliza kitu.